Kupima figo ya mchangiaji kwa kamera ya joto: mwongozo kamili kwa timu za upasuaji za Mtwara na Lindi

Mgonjwa wa figo wa Newala, Nachingwea au Kilwa aliyebahatika kupata ndugu wa kumchangia husafiri mbali. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018, na huko ndiko watu wetu wanakoelekezwa. Wakirudi tunawapokea sisi wa hospitali za Kusini: Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Barua ya rufaa inasema figo ilipata damu vizuri. Vizuri kiasi gani, na sehemu zake zote? Barua haisemi.

Kamera ya joto inaweza kulijibu swali hilo kwa picha na kwa namba. Mwongozo huu ni wa wauguzi wa thieta, madaktari wa upasuaji, wataalamu wa usingizi na mafundi wa vifaa tiba wa mikoa hii miwili. Naamini kabisa kwamba ujuzi huu unaweza kujengwa hapa hapa Kusini, mezani, kwa figo ya mbuzi, dripu, barafu na kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Atakayekwenda Dar es Salaam au Dodoma kujifunza upandikizaji atafika huko macho yake yakiwa yameshazoea kuisoma picha.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote. Kamera inaonyesha damu inavyorudi kwenye uso wa figo. Haionyeshi kama figo itachuja. Anayechanganya mambo hayo mawili atafurahia picha nzuri ya figo mbaya, au ataihukumu figo nzima kwa sababu presha ya mgonjwa ilishuka.

Kamera inaona nini

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho halioni. Kamera hizi hunasa mionzi yenye urefu wa mawimbi wa takribani mikromita 8 hadi 14 na kuigeuza kuwa picha, kila pikseli ikiwa na joto lake. Kamera yenyewe haipigi mionzi yoyote, haihitaji dawa ya rangi kwenye mshipa, na haimgusi mgonjwa.

Figo iliyotolewa kwa mchangiaji huoshwa kwa maji maalumu ya baridi na kuhifadhiwa kwenye barafu, karibu na nyuzi 4. Damu ya mpokeaji ina nyuzi 36 au 37. Vibanio vilivyoifunga mishipa vikifunguliwa, damu huingia na joto lake. Penye damu panapata joto upesi, pasipofikiwa na damu panabaki nyuma. Tena figo ina bahati kwa kipimo hiki: sehemu kubwa sana ya damu yake hupita kwenye gamba la nje, na gamba ndilo linaloonekana na kamera. Mwaka 2003 Alexander Gorbach na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kurudi kwa damu kwenye figo iliyopandikizwa kunaweza kufuatiliwa papo hapo thieta kwa njia hii. Hata hivyo, mpaka leo hakuna namba moja iliyokubalika duniani kwamba chini yake figo ikataliwe. Kipimo hiki ni cha kusaidia. Vidole vya daktari wa upasuaji, rangi ya figo, mkojo na ultrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyotiririka, vinabaki palepale.

Kabla ya kamera, figo imeshapimwa

Hapa Tanzania figo hutoka kwa wachangiaji walio hai, kwa kawaida ndugu wa damu. Mchangiaji hupimwa uwezo wa figo kuchuja, protini kwenye mkojo, presha, sukari na maambukizi, kisha hupigwa sitiskani ya mishipa ya damu. Figo zikitofautiana, iliyo bora hubaki kwa mchangiaji. Ni kanuni ya haki, na mwenye kamera anapaswa kuikumbuka, kwa sababu figo anayoitazama inaweza kuwa ile yenye mishipa migumu zaidi kuunganisha.

Soma ripoti ya sitiskani mwenyewe. Tafuta idadi ya ateri. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana figo yenye ateri zaidi ya moja, na ateri ndogo inayoingia ncha ya chini ndiyo ya kuhofia, kwa kuwa mara nyingi hulisha pia ureta, yaani mrija wa mkojo. Chora figo kwenye karatasi, weka alama ateri zilipo, uibandike ukutani thieta. Utaihitaji.

Mazoezi ya mezani

Nenda machinjioni asubuhi, ongea na mchinjaji mapema. Mwambie unataka figo pamoja na mafuta yake na mishipa mirefu, asiikwanyue kama ya supu. Figo ya nguruwe inafanana zaidi na ya binadamu kwa ndani, lakini ya mbuzi ni laini, ina umbo lile lile la haragwe, inapatikana kila siku, na haimpi mwenzako yeyote mtihani wa imani yake. Ya ng'ombe imegawanyika vinundu vinundu, itakupotosha.

Ioshe upesi, kabla damu haijaganda ndani. Tafuta ateri kwenye mafuta: ina ukuta mnene na tundu lake hubaki wazi, wakati vena hulala bapa. Ingiza kanula, yaani mrija mwembamba, kwenye ateri, ifunge kwa uzi wa silki, pitisha nomo salaini (maji ya chumvi ya dripu) ya baridi polepole hadi maji yanayotoka kwenye vena yawe meupe. Sehemu inayobaki nyekundu iliyoiva haikuoshwa vizuri. Iandike, kwa sababu kamera itaionyesha baadaye.

Sasa iweke kwenye mfuko wenye salaini ya baridi, mfuko huo ndani ya mfuko wa pili, vyote ndani ya kasha la barafu. Barafu isiiguse figo moja kwa moja, na usiiweke kwenye friza. Tishu ikiganda imekufa, na zoezi lako limekufa nayo.

Pasha chupa ya salaini hadi nyuzi 37 kwenye beseni la maji ya moto, ukipima kwa kipimajoto. Itundike. Safu ya maji ya mita 1 na sentimita 36 ina shinikizo la milimita 100 za zebaki, kwa hiyo urefu huo juu ya meza unakupa shinikizo linalokaribia lile la ateri ya mtu, ingawa kanula nyembamba itapunguza mtiririko. Maji hupoa njiani kwenye mrija. Yaachie kidogo kwanza yamwagike kwenye beseni, pima joto linalofika mwishoni, ndipo uunganishe na figo.

Weka kamera sentimita 60 hadi 80 juu, ikitazama wima. Anza kurekodi kabla ya kufungua dripu. Kisha fungua.

Usiishie kwa figo nzima inayopata joto. Mafunzo yenyewe yapo kwenye majaribio ya kuiharibu makusudi. Fuata ateri hadi inapogawanyika karibu na figo, funga tawi moja, poza figo upya, rudia. Utaona kiraka cha baridi chenye mpaka mkali, kana kwamba kimekatwa kwa kisu. Matawi ya ateri ya figo hayasaidiani: ni kama tawi la mkorosho lililokatwa, halinyweshwi na tawi la jirani. Ukishauona mpaka ule mara moja, hutauchanganya na kivuli wala na gozi iliyoloa.

Halafu, figo ikiwa imeshapata joto, funga vena, ateri ukiiacha wazi. Figo itavimba, itakuwa ngumu, na kwenye skrini itabaki ya moto kwa muda, nzuri kabisa. Tazama picha hiyo kwa muda mrefu. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa linakuonyesha kwa macho yako kwamba joto linaweza kubaki bila mtiririko kutoka. Thieta, kidole kitakachobonyeza figo na jicho litakaloona rangi ya bluu vitakuambia jambo ambalo kamera imelificha.

La tatu: mwaga salaini ya moto juu ya figo baridi isiyo na mtiririko. Skrini itang'aa yote. Maji hayapitishi mionzi hii, kwa hiyo kamera husoma joto la utando wa maji ulio juu na haioni figo chini yake. Sasa kausha kwa gozi kwa kugusagusa, bila kusugua, utaona baridi inarudi. Kwa hali ya hewa yetu ya mwambao hili lina uzito wa pekee. Machi pale Mtwara, kitu cha nyuzi 4 kikitolewa kwenye barafu hulowa chenyewe kwa unyevu wa hewa, na unyevu ule unaponata huipasha figo joto. Hata kwenye chumba chenye kiyoyozi umande huo huwepo, japo kwa uchache. Gozi kavu iwe mkononi muda wote.

Figo za mazoezi zinakwenda kwenye taka za hospitali, haziendi jikoni.

Kuiandaa kamera thieta

Kamera za simu hutofautisha joto kwa takribani sehemu moja ya kumi ya nyuzi, nzuri zaidi hushuka chini ya 0.05. Usahihi wa namba yenyewe ni jambo jingine: nyingi zinaweza kukosea kwa nyuzi 2 au 3 juu au chini. Ndiyo maana tunalinganisha sehemu na sehemu, na dakika na dakika, bila kuabudu namba moja.

Ilete kamera thieta mapema, izoee baridi ya chumba. Ikitoka kwenye kiyoyozi kwenda hewa ya joto, lenzi hushika ukungu. Iwashe angalau robo saa kabla ya kuitumia. Kiwango cha utoaji mionzi kiweke 0.98, kinachofaa tishu ya mwili yenye unyevu. Zima ile mizani ya joto inayojirekebisha yenyewe. Ukiiacha, rangi zitabadilika kila kukicha na kiraka cha baridi kitapotea mbele yako. Ifunge kati ya nyuzi 10 na 38. Chagua rangi za kijivu au zinazopanda taratibu kutoka nyeusi hadi njano, kwani zile za upinde wa mvua huchora mipaka isiyokuwepo.

Hifadhi faili zenye joto la kila pikseli. Picha ya kawaida ya simu inapendeza macho lakini huwezi kuipima tena kesho.

Kamera ikae nje ya eneo safi, kwenye mkono wa chuma au stendi imara, mita moja hivi kutoka kwenye jeraha. Usiifunike lenzi kwa plastiki ya kawaida ya thieta au kioo: kioo huzuia mionzi hii kabisa, plastiki huipunguza na kudanganya namba. Kama kamera lazima iingie juu ya jeraha, mkono wake ufunikwe na lenzi ibaki wazi, kwa makubaliano na muuguzi msimamizi wa usafi wa upasuaji. Neno lake ndilo la mwisho hapo.

Vyuma vinavyong'aa vitakupotosha. Kivuta-jeraha huakisi joto la taa na la uso wako, kwa hiyo usisome joto juu yake. Bandika kipande cha tepu nyeusi isiyong'aa kwenye trei na ukipime kwa kipimajoto cha kugusa, hicho kitakuwa rejea yako.

Wakati wa upasuaji

Mtu mmoja afanye kazi ya saa tu. Aandike muda ateri ya mchangiaji ilipobanwa, maji ya baridi yalipoanza kupita, figo ilipowekwa kwenye barafu, ilipotolewa, na vibanio vilipofunguliwa. Picha ya joto isiyo na muda huu haifasiriki.

Wakati daktari anashona vena na ateri ya figo kwenye mishipa ya nyonga, figo inapata joto la bandia kutoka kwa mwili, mikono na taa. Dakika 30 hadi 45 za kushona zinatosha kuipasha sana bila tone la damu. Joto hilo linaidhuru figo, na linapunguza tofauti ambayo kamera inaitegemea. Izungushie gozi zenye salaini iliyogandishwa na kupondwa, na ziongezwe kila zinapoyeyuka. Kwa hatua hii moja unailinda figo na unaisafisha picha.

Vibanio vinapokaribia kufunguliwa, mambo yafuatane hivi. Mtaalamu wa usingizi ataje kwa sauti presha na joto la mwili la mgonjwa. Timu nyingi hutaka shinikizo la wastani la 80 au zaidi. Gozi zenye barafu ziondolewe, uso wa figo ukaushwe kwa kugusa. Taa kubwa zigeuzwe pembeni. Rekodi ianze nusu dakika kabla. Daktari afungue vena, kisha ateri. Mikono itoke kwenye picha kadiri usalama unavyoruhusu, na asiwepo wa kumwagia maji ya moto mpaka uwe na dakika mbili tatu za video safi. Damu ikivuja, kuizuia ndiyo kazi ya kwanza na picha isubiri. Hakuna mjadala hapo.

Figo ikishalazwa mahali pake nyongani, piga tena. Usiruke hatua hii. Mshipa uliokuwa umenyooka figo ikiwa mkononi unaweza kujikunja ikilazwa, na figo iliyopata joto vizuri ikaanza kupoa taratibu bila mtu kujua.

Mwisho elekeza kamera kwenye ureta kabla haijaunganishwa na kibofu. Ncha yake ikibaki baridi, mwambie daktari. Yeye ataikata kidogo kidogo hadi ifike inapotoa damu.

Kuisoma picha

Chora maeneo manne: ncha ya juu, katikati, ncha ya chini, na msuli wa jirani kama rejea. Toa wastani wa kila eneo kila sekunde 10 na uchore mistari yake. Tazama mambo matatu: mstari unapanda kwa kasi gani, maeneo matatu ya figo yanakwenda pamoja au yanaachana, na yanatulia karibu kiasi gani na joto la msuli.

Mistari mitatu ikipanda upesi na kwa pamoja, figo ya waridi, imejaa bila kuwa ngumu, damu imerudi. Usiandike "figo bora". Andika "damu imerudi sawasawa".

Kiraka chenye mpaka mkali kwenye ncha moja kina maana ya ateri. Rudi kwenye mchoro wako ukutani. Je, kuna ateri ndogo iliyokatwa, iliyofungwa, au iliyoshonwa ikaziba? Dopla iletwe. Ateri ndogo ya ncha ya juu mara nyingine huachwa, sehemu ndogo ya figo ikapotea. Ya ncha ya chini hupiganiwa, kwa sababu ya ureta.

Figo nzima ikichelewa, anza kwa mgonjwa. Presha imeshuka? Kuna kibanio kilichosahaulika? Ateri imejikunja au imekakamaa? Mkakamao mara nyingi hulegea kwa joto, subira na dawa ya papaverini anayoitia daktari. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo fikiria damu iliyoganda au utando wa ndani wa ateri uliochanika, na hapo mshono unaweza kufunguliwa upya. Uamuzi huo ni wa daktari wa upasuaji. Kazi yako ni kumpa mstari ulio safi, mapema.

Madoadoa yaliyotapakaa bila mpaka ni magumu zaidi. Yanaweza kutoka kwenye uoshaji hafifu, muda mrefu wa barafu, au mishipa midogo iliyobana. Baadhi hufutika ndani ya dakika chache. Piga tena baada ya dakika 10 na 20 kabla ya kusema neno.

Na figo ya moto iliyovimba, ngumu, yenye rangi ya bluu: kumbuka mbuzi. Ni vena.

Vibali na kumbukumbu

Thieta kwa mgonjwa wa kweli, hiki ni kifaa cha utafiti. Pata kibali cha kamati ya maadili ya hospitali na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, uliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuhusu kifaa chenyewe, na upate ridhaa ya maandishi ya mpokeaji na ya mchangiaji. Mchangiaji husahauliwa sana, nayo figo ilitoka kwake. Faili zisibebwe kwenye simu binafsi wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha hizi pia. Tumia namba ya utafiti badala ya jina.

Kwenye faili moja weka video, mistari ya joto, muda wote ulioandikwa, presha, muda mkojo wa kwanza ulipotoka, kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) ya kila siku, na kama mgonjwa alihitaji kusafishwa damu ndani ya wiki ya kwanza. Bila haya ya mwisho hatutajua kamwe mistari yetu inatabiri nini kwa wagonjwa wetu wenyewe.

Mgonjwa akirudi Mtwara au Lindi, barua yake ibebe sentensi mbili za kamera: damu ilirudi vipi, na sehemu gani ilibaki baridi. Daktari wa kliniki akisoma kwamba ncha ya chini iliachwa na kiraka, kisha mgonjwa akaja wiki chache baadaye na uvimbe juu ya mshono, mkojo kupungua au homa, atafikiria ureta inayovuja siku ile ile. Ataagiza ultrasaundi, atapima kreatinini ya majimaji yaliyokusanyika, na atapiga simu kwa timu iliyopandikiza kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.